Bukta ya Kukimbilia kwa Mama Mwenye Mwili

Akina mama wengi wenye miili mikubwa huanza mazoezi kwa moyo mkunjufu, kisha huacha baada ya wiki mbili au tatu. Ukiwauliza sababu, watakuambia kwamba hawana nafasi, kwamba watoto wanahitaji chai asubuhi, au kwamba magoti yanauma. Sababu hizo ni za kweli. Lakini sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na ambao tumekuwa tukitembea na kukimbia na akina mama wenzetu wa kanisani hapa Moshi, tumegundua kwamba ipo sababu nyingine ambayo haisemwi mbele za watu. Mama huisema akiwa amebaki na muuguzi peke yake, mlango umefungwa, tena kwa sauti ya chini: mapaja yamechubuka.

Mmoja wao, mama wa watoto wanne mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, alipimwa kliniki akakutwa na shinikizo la damu la 160 kwa 100. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi, na akaambiwa afanye mazoezi. Alitii yote matatu. Alichukua bukta ya mwanawe ya kuchezea mpira, akaivaa chini ya gauni, na kwa siku tisa mfululizo alikuwa barabarani kabla ya jua kuchomoza. Siku ya kumi hakuonekana. Tulipomtembelea nyumbani tulimkuta akitembea kwa kutanua miguu kama mtoto aliyevaa nepi, na ndani ya mapaja yake, pande zote mbili, kulikuwa na vidonda vibichi vya ukubwa wa kiganja. Alikuwa amevipaka spiriti. Mama yule hakuwa mvivu, wala hakukosa nia. Alikosa bukta.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Ushauri huo hutolewa kila kliniki ya shinikizo la damu na ya kisukari. Lakini ni mara chache mama mwenye uzito wa kilo mia moja huambiwa avae nini katika nusu saa hiyo, kana kwamba nguo ni jambo dogo. Kwa mtu mwembamba huenda ni dogo. Kwa mama mwenye mwili, nguo ndiyo huamua kama atakuwa barabarani wiki ijayo au atakuwa amekaa nyumbani akiona haya.

Ngozi ikisuguana na ngozi

Hebu tufikiri kidogo juu ya kinachotokea. Mama anayekwenda mchakamchaka wa polepole hupiga hatua zisizofika mita moja. Katika kilomita 5 atapiga hatua zaidi ya 6,000, na katika kila hatua paja moja hupita kando ya jingine. Kama mapaja yanagusana, basi ngozi imesuguliwa mara 6,000 asubuhi moja. Mwanzoni ngozi ni kavu na huteleza. Jasho likianza kutoka, ngozi hulainika, na ngozi yenye unyevunyevu hushikana zaidi kuliko ngozi kavu. Kisha jasho likianza kukauka huacha chumvi, na chumvi hiyo husugua kama mchanga mwembamba. Ndiyo maana mama huweza kukimbia kilomita mbili bila kusikia kitu, halafu kilomita ya tatu ikawa moto mtupu.

Jambo hili si adhabu ya unene. Wakimbiaji wembamba kabisa wa marathoni nao huchubuka, wao kwapani na kifuani, na wanaume wengi wamemaliza mbio fulana zikiwa na madoa ya damu. Wao hawaoni haya. Hupaka mafuta ya mgando na kuendelea na mazoezi.

Hata hivyo, kwa mama mwenye mwili mchubuko una hatari ambazo mkimbiaji mwembamba hana. Sehemu za kinena na chini ya tumbo hubaki na joto na unyevu, na hapo fangasi hustawi. Tena wengi walioambiwa wafanye mazoezi wana kisukari, nao kidonda chao huchelewa kupona na hushambuliwa upesi na vijidudu. Kwa hiyo bukta nzuri kwao si anasa. Tunaiweka kundi moja na raba nzuri na maji ya kunywa.

Kwa nini bukta ya mpira haifai

Bukta ya mpira wa miguu ni fupi na pana. Mama akiivaa, hatua chache za kwanza inakaa vizuri, kisha kitambaa cha katikati kinaanza kupanda. Sababu ni hii: paja la mama ni nene juu na jembamba kuelekea goti. Kitambaa kilicho huru hukamatwa na mapaja yanaposuguana, husukumwa juu kidogo kila hatua, na hakuna kitu cha kukirudisha chini. Baada ya mita mia mbili chote kimekusanyika kinenani na mapaja yamebaki wazi yakisuguana kama ambaye hakuvaa chochote. Ndipo utaona mama anakimbia huku anavuta nguo kwa mkono. Mkimbiaji wa namna hiyo hachelewi kuchoka roho.

Inayofaa ni bukta ya kubana, ile ambayo mabinti zetu huiita taiti fupi, yenye urefu wa kushuka hadi karibu na goti. Upindo wake ukiishia mahali paja linapopungua unene, unapata pa kushika. Ukiishia katikati ya paja nene utapanda tu, hata bukta iwe ya bei gani. Kwa akina mama tuliowapima, urefu unaofaa wengi ni kati ya inchi 8 na 10, ukipima kutoka katikati ya miguu kushuka ndani ya paja. Mama mfupi huweza kutosheka na inchi 7. Zile za inchi 3 au 5 zinazovaliwa na wanariadha wa kwenye televisheni tuwaachie wenyewe.

Kitambaa cha kubana namna hii si cha zamani sana. Uzi unaovutika na kurudi, ambao siku hizi umo katika taiti, soksi na sidiria, ulibuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Na wanawake wenyewe walichelewa kushonewa nguo za kukimbilia, kwa kuwa watu wengi hawakuamini kwamba wangekimbia. Sidiria ya kwanza ya kukimbilia ilitengenezwa mwaka 1977 katika jimbo la Vermont na wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, na sampuli yao waliipata kwa kuunganisha vivalio viwili vya kusitiri wanariadha wa kiume! Mbio za marathoni za wanawake zikaingizwa katika Olimpiki mwaka 1984 tu, kule Los Angeles. Tunayataja haya ili mama asidhani kwamba amekosa nguo dukani kwa sababu mwili wake una kasoro. Nguo hizi zilibuniwa juzijuzi, na waliobuni walianza na cherehani na mkasi, kama tunavyoweza sisi.

Pima paja kwanza

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchagua bukta kwa kiuno. Mama anajua kwamba kiuno chake ni inchi 42, anatafuta bukta ya inchi 42, basi. Lakini wanawake wawili wenye kiuno kimoja huweza kutofautiana mapaja kwa inchi nne au tano. Kiuno kikizidi kidogo hurekebishwa kwa kamba au kwa kubadili mpira. Paja lisipoenea haliwezi kurekebishwa.

Chukua futikamba, simama miguu ikiwa imeachana kidogo, na upime paja mahali lilipo nene kuliko pote. Kisha keti na upime tena, maana paja huongezeka ukiketi. Pima nyonga kwenye makalio. Halafu pima kipimo ambacho wengi hukisahau: kutoka kiunoni mbele, pita katikati ya miguu, hadi kiunoni nyuma. Mama mwenye tumbo na makalio anahitaji urefu huo uwe wa kutosha, na nyuma pawe parefu kuliko mbele. Kipimo hicho kikiwa kifupi, bukta itashuka nyuma kila anapoinama kufunga kamba za viatu, na mbele itamkata.

Mkanda wa kiuno uwe mpana, usipungue inchi mbili. Mpira mwembamba hujikunja chini ya tumbo na kuwa kama kamba, na jioni mama anakuta mstari mwekundu umemzunguka. Wapo wanaopenda mkanda upite juu ya kitovu, na wapo wanaopenda ukae chini ya tumbo. Hapa hatuna sheria. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ajaribu zote mbili na kuangalia ni upi haukai juu ya kovu lake, maana kovu la upasuaji huweza kuuma likisuguliwa hata baada ya miaka.

Ukiwa umeivaa, usisimame tu mbele ya kioo. Chuchumaa kama unayefua. Panda ngazi au kijiti mara kumi. Kimbia papo hapo ukihesabu hadi mia moja. Bukta ikipanda ndani ya chumba, barabarani itapanda zaidi. Kisha mwombe dada au mwenzako akuangalie kwa nyuma ukiwa umeinama penye mwanga wa jua, kwa sababu kitambaa kilichovutwa kupita kiasi huonyesha kilicho ndani. Yasemwe mapema na dada yako kuliko kusemwa na vijana wa bodaboda.

Na tafadhali, nunua bukta ya mwili ulio nao leo. Tumewaona akina mama wakinunua ndogo wakisema, “Nitapungua tu, itanitosha.” Bukta ndogo inachubua, inayochubua haivaliwi, na mama asiyevaa hakimbii wala hapungui. Herufi iliyoandikwa kwenye lebo isikutie huzuni. Nguo nyingi mpya zinazoletwa kutoka ng’ambo zimekatwa kwa vipimo vya watu wadogo, na XL ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Ikata lebo uitupe, hakuna atakayeiona.

Pamba au nailoni?

Kwa miaka mingi wauguzi tumewafundisha akina mama wavae chupi za pamba, kwa kuwa pamba hupitisha hewa. Ushauri huo unabaki kuwa sahihi kwa nguo za kushinda nazo. Katika kukimbia mambo ni tofauti. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, ikawa nzito, ikalegea na kusugua ngozi kama kitambaa cha deki. Kitambaa cha nailoni au polista kilichochanganywa na uzi wa kuvutika hakishiki maji kiasi hicho, hukauka upesi na hubaki kimelala juu ya ngozi. Basi kimbia na nailoni, lakini ukifika nyumbani ivue mara moja, oga, ujikaushe vizuri, ndipo uvae pamba yako. Kukaa na bukta yenye jasho huku unapika chai na kuandaa watoto wa shule ndiko kunakoleta fangasi.

Chupi chini ya bukta nayo ina neno. Mara nyingi mama analalamikia bukta kumbe anayechubua ni mshono wa chupi, ule wa mpira unaopita kinenani. Vaa isiyo na mapambo wala mpira mgumu pembeni. Baadhi ya bukta zimewekwa kitambaa cha ndani na zimekusudiwa kuvaliwa bila chupi. Wapo walioshtuka tulipowaambia hivyo, na wengine walijaribu na hawakurudi nyuma.

Mshono wa bukta wenyewe uchunguze kwa kidole. Uliolala bapa ni mzuri. Uliosimama kama ukingo utakula ngozi. Na tazama katikati, pale miguu inapokutana. Bukta za bei rahisi zina mishono minne inayokutana hapo kama njia panda, na ndipo zinapochubua na kupasuka. Zilizotengenezwa kwa uangalifu zimetiwa kipande cha kitambaa cha pembe nne katikati, hivyo mishono imesukumwa mbali.

Sokoni na kwa fundi

Hapa kwetu akina mama wengi hununua mitumba katika soko la Memorial au Kiboriloni, na huko hupatikana bukta za miili mikubwa kuliko madukani, kwa kuwa zinatoka nchi ambazo wanawake wakubwa nao hukimbia. Lakini mtumba wa kubana unahitaji jicho. Uvute kwa mikono miwili kisha uuachie. Ukirudi taratibu kama mtu mchovu, uzi wake umekufa, uache. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, au ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza, uache pia. Geuza ndani utazame mapaja. Kama kuna vifundo vidogovidogo vingi, mwenye nguo wa kwanza aliimaliza. Ile hila ya kuzungushia kiuno cha nguo shingoni ili kujua kama itaenea haisaidii hapa, kwa sababu kama tulivyosema, shida yetu si kiuno. Nenda na futikamba mkobani, tandaza bukta juu ya meza ya muuzaji, pima upana wa mguu kisha zidisha mara mbili. Kwa kitambaa cha kuvutika, mguu ukiwa pungufu ya paja lako kwa inchi mbili hivi, hiyo inafaa. Ikiwa pungufu kwa inchi tano, inamfaa binti yako.

Nyumbani uiloweke kwa sabuni, uifue na kuianika vizuri kabla ya kuivaa. Usiichemshe, uzi utaharibika.

Aliyekosa sokoni aende kwa fundi. Akina mama watatu wa kundi letu walishonewa na fundi mmoja wa barazani, na bukta zao zimedumu kuliko nyingi za dukani. Ila fundi aelezwe mambo manne. Kitambaa kikatwe ili mvutiko wake uzunguke mwili, usiende juu na chini. Mishono ya pembeni ishonwe kwa ovaloki au kwa zigizaga, kwa sababu mshono ulionyooka hukatika mara mama anapochuchumaa. Sindano iwe ya vitambaa vya kuvutika, ile yenye ncha butu, isitoboe uzi. Na katikati atie kile kipande cha pembe nne tulichokitaja. Paja la inchi 28 alikate 26. Fundi wetu mwanzoni alikataa akisema hajawahi kukata nguo ndogo kuliko mteja. Tulimwomba akate moja ya majaribio kwa kitambaa cha fulana kuukuu, mama akaivaa, fundi akacheka, na tangu siku hiyo ameshona nyingine kadhaa.

Na heshima je?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni haki liulizwe. Mama Mkristo, mke wa mtu, pengine mwalimu wa shule ya Jumapili, atatokaje barabarani na nguo ya kubana? Mzee mmoja wa kanisa alituita baada ya ibada na kutuuliza jambo hilo kwa upole. Tulimwamkia, tukaketi naye, tukamweleza kwamba bukta hiyo ni nguo ya ndani. Kazi yake ni kutenganisha ngozi na ngozi, na juu yake mama huvaa anachoona kinamsitiri. Mzee alifikiri kidogo, akasema, “Kumbe ni kama chupi ndefu.” Ndivyo hasa ilivyo.

Juu ya bukta wengi wetu huvaa sketi ya marinda inayofika magotini au chini kidogo. Wengine huvaa fulana ndefu ya kufunika makalio. Wengine suruali pana. Jirani yetu Mwislamu anayekimbia nasi huvaa bukta kama yetu chini ya suruali na kanzu pana, na hajachubuka. Kanga ya kujifunga hatuishauri, kwa kuwa hufunga hatua na mama huweza kujikwaa. Sketi nyembamba nayo vilevile. Wapo pia wanaovaa bukta peke yake, na mume anajua na ameridhika. Hatujaona sababu ya kuwasema.

Kuna akina mama ambao waume zao wamekataa kabisa. Tunashauri mama asigombane. Amwonyeshe mume bukta na sketi yake ya juu, amwonyeshe na kadi ya kliniki yenye vipimo vyake. Mwanamume anayeona namba 160 kwa 100 imeandikwa kwa wino huanza kufikiri juu ya mambo mengine kuliko nguo. Ikiwezekana aje wakimbie pamoja. Wawili wamekuja, na mmoja wao alitushukuru pembeni kwa ushauri wa bukta, kwa sababu naye ana mapaja.

Kelele za barabarani zipo. “Mama bonge, taratibu, utavunja lami!” Mama akiwa peke yake maneno hayo humrudisha nyumbani. Wakiwa kumi na wawili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanacheka wao kwanza. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza hapa Moshi mwaka 2003, zina kundi la kilomita 5 ambalo watu wa miili yote hutembea na kukimbia, na pale mama mwenye mwili hashangaliwi kama kioja. Ni mahali pazuri pa kujaribu bukta mbele ya umati. Lakini usivae mpya siku hiyo! Iwe imeshafuliwa na kukimbiwa mara tatu au nne.

Mambo ya akina mama

Aliyezaa watoto kadhaa huweza kuvujwa na mkojo kidogo anapokimbia, kukohoa au kuruka. Wengi hudhani ni wao peke yao. Si hivyo, tunawaona kila wiki. Chagua bukta ya rangi nyeusi au bluu iliyokoza, na uwe na nafasi ya kuweka pedi bila kubanwa. Pamoja na hayo fanya zoezi la misuli ya chini ya nyonga: kaza kama unayezuia mkojo na haja kubwa kwa pamoja, hesabu polepole hadi kumi, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Matokeo huchukua miezi, si siku. Ukisikia uzito kama kitu kinachotaka kutoka chini, acha kukimbia kwanza na uende hospitali.

Aliyejifungua karibuni aanze kwa kutembea. Wataalamu wa viungo nchini Uingereza, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, walishauri mama asirudi kukimbia kabla ya wiki 12. Na yeyote ambaye shinikizo lake linazidi 180 kwa 110, bukta ikae kabatini hadi daktari amruhusu.

Ikichubuka hata hivyo

Kabla ya kutoka, paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja, kinenani na chini ya tumbo. Mbio zikizidi saa moja, paka tena. Poda peke yake haisaidii sana, jasho huigeuza kuwa uji.

Ukirudi umechubuka, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando, kisha vaa kanga nyumbani bila kitu kingine ili hewa ipite. Pumzika siku mbili au tatu. Spiriti, ndimu, majivu na dawa ya meno visitumike, huunguza nyama iliyo wazi. Zile krimu za kuchanganya zinazouzwa mitaani tunaziogopa zaidi, kwa kuwa nyingi zina dawa ambayo huondoa wekundu kwa siku chache huku fangasi ikienea chini yake na ngozi ikiwa nyembamba.

Kama sehemu inawasha sana, ina harufu, au wekundu umezungukwa na vipele vidogo pembezoni, huo si mchubuko tena, nenda zahanati. Fangasi ikirudi kila mara ijapokuwa unajikausha na kubadili nguo, omba upimwe sukari kwenye damu. Wapo ambao kisukari chao kiligunduliwa kwa njia hiyo, wakiwa wamekuja kuulizia dawa ya mapaja.

Nunua au shona bukta mbili, si moja, ili moja ivaliwe nyingine ikikauka. Ifue kwa mkono baada ya kila mbio, kwa maji baridi na sabuni kidogo, isuuze vizuri maana sabuni iliyobaki huwasha. Ianike kivulini. Pasi isiiguse. Itakapolegea mapajani na kuanza kupanda, haifai tena kukimbilia, lakini usiitupe. Ivae chini ya gauni siku ya kwenda sokoni kwa miguu au siku ya harusi yenye kucheza sana. Mama yule wa siku tisa, ambaye sasa amerudi barabarani, anayo ya namna hiyo, na ameshamshonea mama mkwe wake aliyepita miaka sabini, ambaye hakimbii popote ila amechoka kuchubuka akienda shambani.